Mbuzi wa Masaka na Falafeli za Kabeza

Mbwa wa Kigali walikuwa wanene. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoliona tulipoingia mjini mwezi wa nane mwaka 1994, mimi na kaka yangu, tukiwa juu ya lori la mahindi kutoka Karagwe, upande wa Tanzania. Watu tuliopishana nao njiani walikuwa mifupa na macho. Mbwa walikuwa wananawiri, manyoya yanang'aa, wanatembea taratibu katikati ya barabara kama wenye mji. Nilimuuliza dereva mbwa hao wanalishwa na nani. Akaongeza mwendo. Kaka alinikanyaga mguu, nikaelewa: walikuwa wamenona kwa maiti.

Sikuwa mtu wa kuchagua chakula. Nimezaliwa Karagwe, kwa wazazi waliokimbia Rwanda kabla sijazaliwa, na huko nimekula kila kinacholiwa: senene ambao bado wanarusha miguu, utumbo uliooshwa nusunusu, kichwa cha mbuzi na macho yake. Mama alikuwa akisema nina tumbo la fisi. Lakini siku zile za kwanza Kabeza, mtaa wa Kigali tuliofikia, hata chai ilinishinda.

Baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba, alikuwa ametutangulia kwa wiki tatu. Tulipofika alikuwa ameshapata nyumba, karibu na barabara ya uwanja wa ndege. Ndivyo watu walivyosema wakati ule, kupata nyumba, kama mtu anavyookota kitambaa njiani. Ilikuwa na vyumba vitatu na bati zima, ila mlango ulikuwa umevunjwa kwa teke. Sebuleni ukutani kulikuwa na miraba minne ya rangi safi, mahali palipokuwa pametundikwa picha.

"Wenyewe wako wapi?" nilimuuliza.

"Hawapo."

"Waliuawa au walikimbia?"

"Hawapo, mwanangu. Chukua fagio."

Tulisugua nyumba ile siku tatu. Nilitoa nywele kwenye tundu la maji la bafuni, nywele ndefu za mwanamke, zimefungamana na sabuni kuukuu, nikizivuta zinakuja tu, hazikatiki. Stoo ilikuwa na harufu ambayo haikuwa ya panya. Tulimwaga majivu, tukamwaga dawa, tukafukiza majani ya mkaratusi, na harufu ilikaa siku mbili kisha ikarudi. Baba mdogo alisema ni ya unyevunyevu. Nilimtazama akisema hivyo huku ameziba pua kwa kiganja, nikaona aibu kwa niaba yake.

Wiki ile ile mbwa mmoja aliingia uani. Alikuwa na kitu mdomoni. Sikukitazama sana, na sitakieleza. Wanajeshi waliokuwa wakipita walimpiga risasi palepale chini ya mparachichi, maana ilikuwa kazi yao siku hizo kumaliza mbwa mjini, nasi tukamzika. Jioni, kabla jua halijatua, Baba mdogo alirudi kutoka Kanombe, huko kwenye uwanja wa ndege, amebeba mishikaki ya mbuzi, ile wanayoiita burusheti, imefungwa kwenye gazeti, mafuta yanachuruzika.

"Kula, mwanangu," alisema, na macho yake yalikuwa na machozi kweli. "Tangu nikiwa mtoto kambini nimeota kula burusheti ya Kigali. Kaka yangu alikufa akiiota."

Niliichukua kwa heshima ya baba yangu. Nilitafuna mara mbili. Nyama ilikuwa laini, tamu, na huo utamu ndio ulionimaliza. Nilikimbia nje nikatapika kwenye udongo mpya wa kaburi la mbwa.

Tangu siku hiyo sikula nyama. Mwanzoni waliniacha. Baadaye Baba mdogo akaanza kunisema. Alidhani ni maringo, au nimeokoka katika dhehebu fulani, au nina mimba. Nilikula maharage na ndizi, ndizi na maharage, na kila chungu cha nyama kilipoinjikwa mle ndani nilitoka kwenda kukaa barabarani mpaka mvuke uishe.

Sasa, nilikuja Kigali na gunia la dengu. Nilikuwa nimelinunua kwa wafanyabiashara wa Mwanza nikidhani nitafanya biashara, maana Tanzania dengu ni chakula cha kawaida. Kumbe Kigali hakuna aliyezijua. Akina mama waliziokota kutoka kwenye ungo wangu, wakazigeuza, wakacheka: maharage gani haya yenye pua? Gunia likabaki. Wadudu walipoanza kutoboa nilizianika kwenye mkeka mbele ya nyumba, nikawa nazipepeta huku nimenuna.

Mwanamke mmoja mzee alisimama kwenye ua wa michongoma. Alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu, mjane, Mwislamu aliyekulia Nyamirambo, mtaa wa Waswahili, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kigali hasa.

"Pwashishi!" alisema. "Wewe, umetoa wapi hii pwashishi?"

"Hizi ni dengu, Bibi."

"Dengu yako. Mimi naiita pwashishi miaka yote." Aliingia bila kukaribishwa, akachuchumaa, akatia mkono ndani ya dengu mpaka kwenye kifundo. "Nimepikia Walibani mpaka nywele imekuwa nyeupe. Kila siku pwashishi. Sasa wameenda kwao, na mimi iko na njaa ya chakula yao."

Alikuwa mpishi wa familia ya wafanyabiashara wa Kilebanoni kule mjini tangu ujana wake. Walisafirishwa mwezi wa nne, mauaji yalipoanza. Yeye alibaki. Alivyosalimika miezi ile mitatu ya mauaji ya kimbari hakunieleza kamwe. Alisema jambo moja tu, siku ya kwanza, nilipomtahadharisha kwamba kwetu leo kunapikwa nyama.

"Nyama mimi siwezi. Usiniulize."

"Hata mimi siwezi," nilisema.

Akaniambia nichote bakuli mbili za dengu niende kwake.

Alianza na humusi, rojo la dengu la Walibani wake. Alichemsha dengu na magadi mpaka zikawa laini kama ndizi mbivu, tukakaa tukizimenya maganda moja moja. Maganda yale yalinata vidoleni kama ngozi inayobanduka kwenye kidonda. Akaziponda kwenye kinu. Akakaanga ufuta, akautwanga mpaka ukatoa mafuta, akachanganya vyote na kitunguu saumu, ndimu na chumvi. Kilichotokea kwenye sahani kilikuwa kijivu. Kilikuwa kizito na baridi, ukipitisha kijiko kinafuata polepole halafu kinajifunga chenyewe. Nilikuwa nimeshaona mashimo ya vyoo yaliyofurika mwaka ule, sikuhitaji kukumbushwa.

"Onja."

Nilionja kwa ncha ya kidole. Uchungu wa ufuta, ukali wa saumu mbichi, na ule ulaini, ulaini usio na pa kutafuna, ukateleza kwenda kooni wenyewe bila ruhusa yangu. Niliutema kwenye majivu.

Bibi alicheka mpaka akajishika kiuno. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia mtu akicheka hivyo tangu nifike Rwanda.

"Madamu alinifukuza jikoni mara tatu juu ya hiyo," alisema. "Nilitema mbele yake! Ngoja. Kesho utakula ingine, ya kukaanga."

Nilimwambia kesho nitamwonyesha mimi, maana bajia nimepika tangu utotoni. Nikachemsha dengu, nikaziponda, nikafinyanga madonge, nikatumbukiza kwenye mafuta ya moto. Yakayeyuka. Karai zima likawa uji wa mafuta unaochemka na kunuka, na hata kuku walikataa kuula.

"Hapana kuchemsha," alisema Bibi kwa utulivu, kama aliyekuwa akilisubiri kosa lile. "Iloweke tu usiku. Asubuhi unasaga mbichi."

Cha kusagia ndicho kilichotusumbua. Kinu kilikuwa kinaacha vipande vikubwa. Nikakumbuka kwamba jikoni kwetu kulikuwa na mashine ndogo ya chuma ya kusagia nyama, ya kuzungusha kwa mkono, imefungwa kwenye ukingo wa meza na wale wenye nyumba. Nilikuwa sijawahi kuigusa. Kwenye meno yake kulikuwa na vitu vimekauka, vyeusi. Niliifungua mezani nikampelekea Bibi nikiwa nimeishika kwa kitambaa, mkono umenyooka mbali na mwili. Aliifungua kipande kwa kipande, akaisugua kwa majivu na ndimu, akaimwagia maji ya moto mara tatu, akaifungua tena na kurudia. Mimi niliendelea kuona ule weusi hata ulipokuwa umeshatoka.

Tukasaga dengu mbichi na vitunguu, saumu, bizari nyembamba, na majani ya persili aliyoyapanda kwenye kopo la maziwa, mbegu kutoka bustani ya Madamu wake. Bila unga, bila yai. Akaziacha zipumzike, akafinyanga viduara kwa vijiko viwili, akavitia kwenye mafuta. Vilikaa. Vilizunguka, vikapata rangi ya kahawia, vikatoa harufu ambayo mwili wangu haukuikataa. Ndani vilikuwa kijani, vinatoa moshi, na nje viligongana kama vijiwe. Nilikula tisa nimesimama. Nilikuwa na njaa kama ya mtu aliyetoka kitandani baada ya homa, na niliona haya jinsi nilivyokuwa nalamba vidole.

Kuanzia hapo kila siku mchana tulikula pamoja, sisi wawili, falafeli, ndivyo alivyoviita vile viduara, na kachumbari, au falafeli na chapati. Humusi nilijifunza taratibu. Kwanza nikafumba macho. Baadaye nikaiweka chini ya falafeli nisiione. Ilipofika mwezi wa kumi nilikuwa naifuta sahani kwa chapati, na siku ambazo Bibi aliumwa mgongo nilisaga mwenyewe. Kilikuwa chakula kisichokuwa na damu wala mfupa. Sikuhitaji kujua kilikuwa nani.

Mwezi wa kumi na moja kaka yangu alipata mchumba. Binti alikuwa wa hapa hapa, wa Masaka, nje kidogo ya mji, amenusurika yeye na shangazi yake na binamu watatu. Wengine wote wa ukoo ule waliuawa. Kwa kuwa hawakuwa na nyumba ya kutupokea wala baba wa kuombwa binti, ilikubaliwa kwamba posa ifanyike kwetu Kabeza na shangazi asimame badala ya baba. Baba mdogo alifurahi kupita kiasi. Hii ndiyo ilikuwa arusi aliyoingoja tangu kambini, ya mtoto wa kaka yake, ndani ya Rwanda.

"Mbuzi wawili," alisema. "Na bia. Watu wajue tumerudi."

"Baba mdogo, labda tuulize wageni wanakula nini."

"Kila mtu anakula nyama isipokuwa wewe na yule mpishi wako wa Waarabu. Pikeni hayo madonge yenu, nani kawakataza?"

Mbuzi waliletwa asubuhi ya siku yenyewe, wanono, mmoja mweusi, mmoja wa madoa. Baba mdogo akawasifu kwa kila aliyepita: nyasi walizolishwa hazipatikani mjini, na amewapata kwa bei nafuu. Akaniita mimi, kati ya watu wote, nishike beseni la damu.

"Wewe ndiye dada wa bwana arusi. Ni heshima yako."

Nilishika. Ningeweza kukataa na sikukataa, na hilo bado linanichoma. Damu iligonga beseni kwa sauti ya maziwa yanayokamuliwa. Ilinirukia kwenye kifundo cha mkono, ya moto. Walipompasua yule mweusi matumbo yaliporomoka na mvuke wake, nzi wakatua kabla hayajagusa majani, na Baba mdogo akatia mikono mpaka kwenye viwiko akicheka, akinionyesha ini. Nilikwenda kwa Bibi nikaosha mikono kwa ndimu mpaka ikawasha. Kisha tukakaanga. Tulikaanga beseni tatu za falafeli, tukaweka humusi kwenye sinia kubwa, Bibi akachora mifereji juu yake kwa mgongo wa kijiko na kumimina mafuta, kama alivyokuwa akifanya Walibani walipokuwa na sherehe.

Upande wetu ulikuwa na watu kama arobaini, wote tuliotoka nje, Karagwe, Ngara, Uganda, Bujumbura. Upande wa bibi arusi waliingia watano. Walikaa kwenye benchi lililoandaliwa kwa watu ishirini, wamesogeleana mwisho mmoja, na ule utupu uliobaki pembeni yao hakuna aliyethubutu kuukalia.

Maneno ya posa yalikwenda vizuri. Shangazi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti kavu, alijibu kila swali la kimila bila kukosea, hata sehemu za kuchekesha alizisema bila kucheka. Binti akakubali, tukapiga vigelegele, sahani zikapita.

Mimi ndiye niliyekuwa nagawa falafeli, kwa hiyo niliona. Watu wetu waliichukua humusi kwa mashaka. Mama mmoja kutoka Uganda aliinusa, akaisukuma kando: "Hii si ni ile wanapaka ukutani?" Wakarukia nyama. Wale watano walikuwa wamefunika nyama zao kwa karatasi ya kufutia mikono, wote, bila kuambiana. Falafeli walizila moja baada ya nyingine, kimya, kwa haraka ya watu wenye njaa. Niliwaongezea. Binamu mdogo wa bibi arusi, msichana, aliniuliza kwa Kinyarwanda ni nini. Nikamwambia ni aina ya maharage tu, haina kitu kingine ndani. Akachukua nne. Nilipofika kwa Bibi jikoni nilimwambia, "Wale wanakula chakula chetu," naye akatia nyingine kwenye mafuta.

Baba mdogo naye aliona. Alisimama na bia mkononi.

"Kumbe tumeoa katika ukoo wa sungura!" alisema kwa sauti. "Mkwe wangu, haiwezekani. Mimi nimechinja mbuzi wawili." Akaenda mbele ya shangazi, akachagua pande nono la mbavu, akalishika kwa vidole, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye saa yake, akalipeleka mdomoni mwa shangazi kama anavyolishwa mgeni wa heshima. "Kula kidogo tu. Kwa ajili ya watoto wetu."

Shangazi hakurudisha kichwa nyuma. Aliuliza, "Mbuzi huyu ametoka wapi?"

"Ni wa kwenu kabisa! Masaka."

"Masaka upande gani?"

"Pale chini, unapopita tanuri la matofali, kabla ya bonde. Nyasi zimefika magotini. Ndiyo maana walinona hivi."

"Napajua," alisema shangazi. Sauti yake haikupanda. "Pale ndipo alipo kaka yangu. Na mkewe, na watoto wao wanne, na majirani. Bado hatujawatoa. Nyasi za pale ni mpya, mwaka jana hazikuwepo."

Nilisikia ndege ya mizigo ikishuka Kanombe, nikasikia mafuta yakichemka jikoni. Kisha yule mama wa Uganda akaweka mfupa wake chini, taratibu sana. Mwanamume aliyekuwa kando yake alitema kwenye kiganja. Mmoja baada ya mwingine walitema, kwenye leso, kwenye sahani, wengine walitoka nje mbio, na ua wote ukajaa sauti ya watu wanaotapika. Baba mdogo alibaki amesimama na lile pande la mbavu. Alikuwa na tonge mdomoni tangu mwanzo. Taya lake lilisogea mara moja, likasimama. Hakumeza wala hakutema, na mashavu yake yalibaki yamevimba kama ya mtoto aliyelazimishwa dawa.

Nilimwangalia kwa kinyaa ambacho sijawahi kumwonea binadamu. Kisha nikaona damu iliyokauka chini ya ukucha wangu mwenyewe.

Aliyetuokoa ni Bibi. Alitoka jikoni na karai la falafeli zinazotoa moshi, akapita katikati ya watu kama hakuna kilichotokea, akaziweka mbele ya shangazi.

"Kuleni," alisema. "Ikipoa inakuwa jiwe."

Shangazi alichukua moja. Akaimega, akachovya kwenye humusi, akala. Kaka yangu akaja akakaa kwenye ule utupu wa benchi, karibu na mchumba wake, naye akachukua. Ndipo watu wetu wakaanza kurudi, wakisogea bila kutazamana, wakachovya katika sinia lile la kijivu walilolidharau. Posa haikuvunjika. Shangazi alimwambia kaka yangu mbele yetu sote, "Utatusaidia kuwatoa wale, ndipo utakapomchukua huyu." Kaka akasema atawatoa. Na aliwatoa, yeye na vijana wengine, kabla ya Krismasi, wakazikwa kwa heshima, na waombolezaji tuliwapikia dengu.

Lakini siku iliyofuata posa nilimkuta Baba mdogo uani akipanga nyama iliyobaki kwenye ndoo, karibu mbuzi mzima na nusu.

"Unaifukia?" nilimuuliza.

"Kuna baa Kanombe wataichukua."

"Baba mdogo."

"Wao hawajui," alisema, bila kuinua macho. "Asiyejua hadhuriki."

Nilikusanya nguo zangu, nikabeba nusu ya gunia iliyokuwa imebaki, nikaenda kuishi kwa Bibi. Mashine ya kusagia niliirudisha, nikaiacha imefungwa mezani pa wenyewe. Bibi alipata nyingine kwa fundi. Tulianza kuuza falafeli ndani ya chapati kwenye kibanda cha duka la jirani, na asubuhi nyingine wateja walifika kabla mafuta hayajapata moto. Wengi walikuwa watu waliokuwepo nchini mwezi wa nne. Hawakutaja nyama nasi hatukuwauliza.

Wiki mbili baadaye Baba mdogo alikuja pale. Alikuwa amekonda. Aliagiza kwa sauti ya chini, kama anayenunua dawa ya ugonjwa wa aibu, falafeli sita na ile nyingine ya kupaka. Ni mdogo wake baba yangu, huwezi kumfukuza. Nilimwekea kwenye sahani, nikamnawisha mikono kama desturi inavyotaka, na maji yalipopita juu ya vidole vyake ngozi yangu ilisisimka mpaka mgongoni. Akaanza kula. Nilitoka nikasimama kando ya barabara, nikampa mgongo mpaka alipomaliza.